Kompyuta Inauliza, Nani Anajibu?

Mwenye steshenari unayenisikiliza, wewe hasa, sogea karibu. Habari ya leo ni yako kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Leo tunazungumza juu ya kujifunza kusimamia mfumo endeshi wa kompyuta. Najua kuna aliyekwisha kunyoosha mkono atafute stesheni yenye muziki. Ngoja kwanza, bwana. Nikuulize swali moja tu. Mara ya mwisho kompyuta yako ilipokusumbua ukaipeleka kwa fundi, alikuambia nini?

Nadhani jibu nalijua. Alikuambia, "Hii inataka kupigwa Windows." Kompyuta imekuwa nzito, piga Windows. Printa haionekani, piga Windows. Intaneti inagoma wakati simu ya jirani inafungua kila kitu, piga Windows. Unatoa hela, inapigwa, unarudi nayo nyumbani inang'aa kama mpya. Mvua mbili hazijapita, umesimama pale pale kwenye benchi la fundi yule yule.

Sisemi mafundi wetu hawajui kazi. Wapo hodari kweli kweli, wanaofufua mashine ambayo wengine wangeitupa. Ninachosema ni hiki: kupiga Windows ni kazi moja, na kuisimamia baada ya kupigwa ni kazi nyingine. Narudia, maana ndilo jambo la leo. Kuusakinisha mfumo ni kazi moja, kuusimamia ni kazi nyingine. Na ile ya pili inaanzia kwenye maswali ambayo wengi wetu tunayaruka.

Tuanze na mfumo endeshi wenyewe, maana tunautaja kila siku bila kuuona ukiwa kazini. Sisi wa Unyanyembe, huku Tabora, tuna mfano wetu wa nyumbani. Msafara wa biashara wa zamani kutoka Bagamoyo ulipita Mpwapwa, ukavuka Ugogo, ukajitosa Mgunda Mkali, mpaka ukatua hapa Kazeh, ndiyo Tabora yetu, kisha ukaendelea Uvinza na Ujiji. Kila mpagazi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kidogo. Mbele yao alitembea kirangozi. Pembe hazikuwa zake, vitambaa na shanga havikuwa vyake, lakini bila yeye hakuna aliyejua njia ipi ifuatwe wala wapi mizigo itulie. Na msafara usio na watu wa kuupanga hautoki. Stanley alipoagana na Livingstone mwezi Machi 1872, alimwachia mali na dawa za kutosha hapa kwetu Kwihara. Hata hivyo mzee yule alikaa mpaka mwishoni mwa Agosti, akisubiri watu kutoka pwani. Stoo ilijaa, safari haikuwepo.

Basi mfumo endeshi ndiye kirangozi wa kompyuta. Programu ya kuandikia barua, kivinjari cha intaneti, antivairasi, zote zinataka prosesa kwa wakati mmoja, zote zinataka kumbukumbu, zote zinataka diski. Mfumo ndio unaogawa zamu na nafasi. Ukiona mashine imekuwa nzito, kabla hujaibeba kwenda mjini, bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linalokuonyesha nani anakula nini. Mara nyingi utakuta kundi la programu ambazo hukuziita, zinajiwasha zenyewe kila asubuhi kabla hata hujakaa kitini. Humo humo kuna mahali pa kuzizuia zisijiwashe. Umezizuia, mashine imepumua, na shilingi yako imebaki mfukoni.

Sasa turudi kwenye maswali niliyosema tunayaruka.

Windows inaposakinishwa, ukurasa wake wa kwanza kabisa unauliza: lugha gani, muundo gani wa tarehe na fedha, kibodi ya aina gani? Fundi ana laptopu sita zinamsubiri. Anabonyeza Next, na Next, na Next. Na swali lisipojibiwa na wewe, linajijibu lenyewe: English, United States. Hapo kompyuta yako ya Tabora imeandikishwa uraia wa Marekani, na wewe huna habari.

Unasema, kwani kuna ubaya gani? Nisikilize.

Kuna chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, sitakitaja, ambacho karani wake aliniita akiwa karibu kulia. Alikuwa anaingiza kwenye Excel tarehe za wakulima kuleta tumbaku sokoni. Mkulima ameleta tarehe 5 mwezi wa 6, karani anaandika tano, mkwaju, sita. Kompyuta yenye mpangilio wa Marekani inatanguliza mwezi, kwa hiyo inasoma mwezi wa 5 tarehe 6. Haikulalamika, ikaandika tu. Akaja mkulima wa tarehe 25 mwezi wa 6. Hapo kompyuta ikatafuta mwezi wa ishirini na tano, haikuuona, ikaamua kwamba hayo ni maneno tu wala si tarehe. Ukiangalia vizuri utaona tarehe za namna hiyo zimeegemea kushoto mwa kisanduku, wakati zile nyingine zimeegemea kulia. Alipopanga orodha kwa mfuatano wa tarehe, ikatoka mchanganyiko mtupu: waliotangulia wamekuwa wa mwisho, na wengine wamekaa kundi la peke yao huko chini.

Tayari kulikuwa na wazee nje wanasema karani anapendelea watu.

Tiba yake ni nini? Unaingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya saa na lugha, unatafuta eneo, unachagua Tanzania. Iko ya Kiswahili cha Tanzania, iko na ya Kiingereza cha Tanzania, chagua uipendayo. Kuanzia hapo siku inatangulia mwezi. Lakini sikiliza hili kwa makini: kubadilisha mpangilio hakurekebishi makosa ya nyuma. Tarehe iliyokwisha kuhifadhiwa kama 6 Mei itabaki 6 Mei, itaandikwa tu kwa mtindo mpya. Ilibidi karani yule akae na daftari la mkono, mstari kwa mstari. Tulimaliza jioni, tukiwa tumekunywa chai ya kutosha.

Na mwenye steshenari, lako ni hili. Mteja anataka barua yake, printa inawasha taa, inakataa kutoa karatasi, na karatasi zimejaa. Umewahi kukutana nalo? Wamarekani hawatumii A4. Wana karatasi yao inaitwa Letter, pana kuliko yetu kwa milimita 6 na fupi kwa milimita 18. Kompyuta iliyojisajili Marekani huandaa waraka wa Letter, na printa inasubiri uweke karatasi ambayo mji mzima wa Tabora huwezi kuipata. Mteja anakutazama, wewe unaitazama printa. Swali lile lile moja lililorukwa siku ya kusakinisha.

Tuingie kwenye saa. Hapa kuna matatizo mawili yanayofanana kwa sura, na nataka leo uweze kuyatofautisha.

La kwanza: saa ya kompyuta imepishana na ya ukutani kwa saa kumi au kumi na moja kamili, dakika ziko sawa. Unairekebisha kwa mkono, inakaa vizuri, kesho ukiunga intaneti imerudi kule kule. Watu wanasema ni virusi. Siyo virusi. Kompyuta inapata saa sahihi kutoka kwenye mtandao, kisha inaigeuza kulingana na ukanda wa saa uliochaguliwa. Kama ukanda ni wa Marekani ya magharibi, kila mara itakuletea saa ya huko. Hata ukairekebisha kwa mkono mara mia, mtandao utaigeuza. Usiguse saa, gusa ukanda. Kwenye Windows utafute Nairobi, maana Dar es Salaam hutaiona kwenye orodha ile. Kwenye Linux, mfumo endeshi mwingine, Dar es Salaam ipo kwa jina lake. Zote mbili zinatumia saa moja, kwa hiyo usikasirike.

Nakatiza kidogo. Saa hiyo tunayotumia pamoja na Nairobi imewekwa kwa jua la mashariki zaidi yetu. Hapa Tabora jua linafika utosini karibu dakika hamsini baada ya saa sita mchana. Ndiyo maana ndugu zetu wa pwani wanaposema giza limeingia, sisi bado tunaona njia ya kwenda dukani. Kompyuta haijui hayo. Haijui hata kwamba kwetu saa moja asubuhi ndiyo saa ya kwanza ya mchana. Yenyewe itakuandikia saba, na ukipanga kikao kwa kompyuta kumbuka kuhesabu.

Tatizo la pili: unawasha kompyuta iliyokaa muda bila umeme, na tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Haijapishana saa kumi, imepishana miaka. Hapo ukanda hauhusiki. Ndani ya kompyuta, juu ya ubao mkuu, kuna kibetri cha duara kama kifungo cha koti, kimeandikwa CR2032. Ndicho kinachoitunzia mashine saa yake umeme unapokatika. Kikifa, mashine inaamka haijui leo ni lini.

Na hapo ndipo intaneti inapogoma. Kwa nini? Kila tovuti yenye usalama, iwe ya benki au ya kuombea mkopo wa chuo, ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kivinjari kinaangalia cheti, kinaangalia saa ya kompyuta. Kama kompyuta inaamini tuko miaka kumi iliyopita, basi kwake cheti hicho bado hakijaanza kutumika, na inakataa kukufungulia. Inakuandikia onyo lenye maneno mengi. Mwanafunzi ana siku mbili kabla dirisha la maombi halijafungwa, anaambiwa mtandao mbovu, au mbaya zaidi, kompyuta inataka kupigwa Windows. Inapigwa. Kibetri ni kile kile. Umeme ukikatika tena, tarehe imerudi tena.

Tukumbushane. Saa ikipishana kwa saa kumi au kumi na moja, dakika ziko sawa, ni ukanda. Tarehe ikirudi nyuma miaka, ni kibetri. Ukanda, kibetri. Mama mmoja wa duka la vocha hapa mjini nilimweleza hivyo mara moja tu, na sasa ndiye anayewaambia majirani zake.

Kuna jingine nisilopenda kulipita, ingawa si tamu. Fundi anapokupigia Windows isiyolipiwa, anahitaji programu ndogo ya kuidanganya iamini imelipiwa. Vijana wanaiita craki. Jambo la kwanza craki inaomba ni kuzima antivairasi. Jiulize mwenyewe: mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, atakuwa amefuata nini? Baadhi ya craki hizo hubeba programu za kuiba nywila. Na kompyuta hiyo ndiyo tunayoitumia kuandika namba za NIDA za watu na taarifa za wagonjwa. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ofisi yenye kompyuta moja, akaunti moja, nywila yake 1234 imebandikwa kwenye kioo kwa karatasi ya njano, inacheza pabaya. Kila mtumiaji awe na akaunti yake. Akaunti yenye uwezo wa kubadilisha mfumo ibaki kwa mtu mmoja au wawili, na hao wawili wasiitumie kwa kazi za kila siku. Kuipanga hivyo huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha maharage.

Kuna mwenzangu atasema haya ni mambo madogo, ni ya ofisi za kata. Hapana. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kazi ya kuweka hesabu za Serikali kwenye mashine hizo kwenda kombo. Wapo wanaoucheka uamuzi huo. Mimi siucheki. Tulikuwa na mashine, tulikosa watu wetu wa kutosha wa kuzisimamia, na kosa la namna hiyo lina gharama. Ninachokipinga ni dhana ya kwamba mashine ndiyo ilikuwa mbaya. Hata leo ofisi inanunua kompyuta tano, kwenye bajeti humo hakuna hata siku moja ya kumfundisha mtu wa kuzitunza.

Na mji huu usiseme hauna mila ya kufundisha kazi za ofisi. Chuo cha Uhazili Tabora kimetoa makatibu muhtasi walioenea ofisi za nchi nzima, enzi za taipureta zenye kelele. Leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Tuna VETA, tuna vyuo vingine. Kijana anayetaka kujifunza hana haja ya kupanda treni kwenda Dar kwa jambo hili.

Swali mnaloniuliza sana njiani: nianze na Windows au Linux? Jibu langu ni kwamba anza na mashine ambayo ikiharibika hakuna atakayelia. Tafuta kompyuta kuukuu. Usijifunzie kwenye kompyuta ya chama, tafadhali. Na mashine kuukuu sasa zipo nyingi, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Haijazimika, inawaka kama kawaida, lakini viraka vya usalama haipati tena kama zamani. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama na prosesa ambazo mashine nyingi za mtumba hazina. Kwa hiyo mtu anaiona laptopu nzima, kibodi nzima, kioo kizima, anaambiwa imepitwa na wakati.

Hapo Linux inakuwa mkombozi. Ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na hulipii kitu kuitumia. Ipo ya aina nyingi, mimi kwa anayeanza husema Linux Mint au Ubuntu. Na uzuri wake, unaweza kuionja kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako hata kidogo. Ukizima na kuchomoa flashi, kila kitu kiko kama ulivyokiacha.

Na Kiswahili je? Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi walioupa jina la Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mpaka leo zipo programu unazoweza kuzipanga zikuonyeshe Kiswahili. Ushauri wangu: anayeanza kabisa aziweke kwa Kiswahili mpaka azoee mahali vitu vilipo, halafu azirudishe Kiingereza, kwa sababu siku mashine itakapotoa onyo, msaada mwingi utakaoutafuta mtandaoni umeandikwa kwa Kiingereza. Najua kuna walimu wa Kiswahili wananisikiliza na hawajafurahi. Tutajadiliana.

Jambo moja la mwisho kwa wanaojifunza: daftari. La karatasi, la shilingi chache. Kila unapobadilisha kitu kwenye mfumo, andika tarehe, ulibadilisha nini, na kabla ya hapo kilikuwaje. Kompyuta nayo inaandika ya kwake. Windows ina kitabu chake cha matukio, Linux ina kumbukumbu zake, kila kosa na saa lilipotokea. Mashine ikigoma, unaweka daftari lako kando ya kumbukumbu za mashine, unauliza: nini kilibadilika? Ukiwa na jibu hilo, hata ukienda kwa fundi, hamtaanzia sifuri.

Muda umenikimbia, naona mtangazaji ananipungia mkono. Kipindi kijacho tutaandaa Linux kwenye flashi hatua kwa hatua, taratibu, kwa hiyo uwe na kalamu. Uwe pia na flashi ya GB 8 iliyo tupu kabisa. Nimesema tupu. Usichukue ile yenye picha za harusi ya shangazi, kwa sababu tutaifuta yote.